Skeat, Weekley, Onions au Liberman: umfuate nani ukitafuta asili ya maneno ya Kiingereza?

Mwanafunzi wa isimu mwenye tasnifu ya kumaliza, mfasiri aliyekwama katikati ya aya, mwalimu aliyeulizwa swali gumu na mtoto wa kidato cha pili: wote hawa siku moja hutaka kujua neno fulani la Kiingereza lilitoka wapi. Wengi hufungua Online Etymology Dictionary, wakasoma mistari mitatu, wakaridhika. Si vibaya. Ila kamusi hiyo ya mtandaoni ni mkusanyo wa kazi za waliotangulia, na yenyewe inawataja. Anayetaka kunukuu kwa uhakika, au kubisha, hana budi kwenda kwa wenyewe. Akifika huko anakuta majina mengi na hajui aanze na lipi.

Hapa nimechukua wanne: Walter William Skeat, Ernest Weekley, Charles Talbut Onions na Anatoly Liberman. Nitawapima kwa maswali manne yale yale. Kazi ya kila mmoja imebeba maneno ya aina gani, na kwa wingi gani? Anaufahamu vipi ushahidi wa Zama za Kati, ambako sehemu kubwa ya historia ya Kiingereza imelala? Hufanya nini akifika mahali ambapo hakuna ajuaye? Na kitabu chenyewe kinasomeka na kupatikana? Swali la tatu nalipa uzito kuliko mengine, na huko nitakaa zaidi.

Ni akina nani

Skeat (1835–1912) alisomea hisabati Cambridge, akawa kasisi, kisha maradhi ya koo yakamtoa kwenye kazi ya kanisa. Mwaka 1864 alirudi Christ's College kufundisha hesabu, na Kiingereza cha kale akakifanya kama kazi ya pembeni hadi ikaimeza ile ya kwanza. Mwaka 1878 alichaguliwa kuwa wa kwanza kukalia kiti cha uprofesa wa Kianglo-Saksoni cha Elrington na Bosworth pale Cambridge. Kamusi yake kubwa, An Etymological Dictionary of the English Language, ilitoka kwa sehemu kati ya 1879 na 1882, na toleo la nne lililosahihishwa ni la 1910.

Weekley (1865–1954) alikuwa profesa wa lugha za kisasa katika chuo cha Nottingham kuanzia 1898 hadi 1938, na Kifaransa ndicho kilichokuwa uwanja wake. Wasomaji wengi wa fasihi wanamjua kama mume aliyeachwa na Frieda mwaka 1912 alipoondoka na mwandishi wa riwaya D. H. Lawrence. Ni dhuluma kidogo, maana mwaka huohuo alitoa The Romance of Words, kitabu kilichowafanya watu wa kawaida wapende asili ya maneno. Kamusi yake, An Etymological Dictionary of Modern English, ni ya 1921.

Onions (1873–1965) aliingia mwaka 1895 kwenye timu ya James Murray iliyokuwa ikitengeneza kamusi kuu ya Oxford, na tangu 1914 akawa mmoja wa wahariri wake wakuu. Herufi za mwisho za alfabeti, X, Y na Z, zilipita mikononi mwake. Kamusi yake ya asili ya maneno, The Oxford Dictionary of English Etymology, ilichapishwa 1966, mwaka mmoja baada ya kufariki, kwa msaada wa G. W. S. Friedrichsen na R. W. Burchfield.

Liberman alizaliwa Leningrad mwaka 1937, akahamia Marekani 1975, akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Minnesota. Alianzia kwenye fonolojia ya lugha za Kijerumani na fasihi ya Iceland ya kale kabla hajajitosa kwenye etimolojia, yaani elimu ya asili ya maneno, ya Kiingereza. Kitabu chake kizito ni An Analytic Dictionary of English Etymology cha 2008. Chepesi ni Word Origins... and How We Know Them cha 2005.

Wingi na aina ya maneno

Kwa idadi, Onions yuko mbele: vidahizo, yaani maneno makuu yanayoelezwa, zaidi ya 24,000 vinavyogusa maneno kama 38,000. Kila maana ina namba ya Kirumi inayoonyesha karne lilipoonekana mara ya kwanza katika maandishi. Ukiona XIV, ujue ni karne ya 14, ya mshairi Chaucer. Ni jambo dogo, lakini linaokoa saa nyingi.

Skeat ana maneno machache zaidi, lakini kila moja linapewa nafasi zaidi, pamoja na nukuu na mahali lilipotumika. Ambacho watu husahau ni viambatisho vyake mwishoni. Kuna orodha ya maneno pacha, yaani yale yaliyoingia Kiingereza mara mbili kwa njia mbili tofauti, na kuna mgawanyo wa maneno kwa lugha yalikotoka, kuanzia Kilatini na Kifaransa hadi Kiarabu, Kiajemi na Kimalei. Mwalimu akiwa na kurasa hizo tu, ana vipindi vya wiki nzima.

Weekley alitaka maneno ya mdomoni: misimu, lugha ya magazeti, ya mabaharia, ya askari. Kamusi yake ilitoka vita ya 1914–1918 ikiwa bado mbichi, kwa hiyo maneno ya mahandaki yamo. Mojawapo ni blighty, ambalo askari wa Kiingereza waliita kwao. Lilitoka kwenye Kihindustani bilayati, nalo likatoka kwenye Kiarabu wilaya. Msomaji wa Kiswahili hapa lazima acheke, kwa sababu wilaya hiyohiyo ndiyo iliyotupa sisi Ulaya. Askari aliyelala matopeni Ufaransa akiota blighty, na babu zetu waliosema fulani kaenda Ulaya, walichota kwenye neno moja.

Liberman, kwa upande wake, ana maneno 55 tu katika kurasa zaidi ya 300. Si kosa la uchapaji. Alichukua yale yaliyowashinda wengine, kama boy, girl, dwarf, slang, witch, rabbit na ivy, akayachambua moja moja. Anayetaka kutafuta neno la haraka atatoka mikono mitupu.

Ushahidi wa Zama za Kati

Hapa Skeat ana heshima ya peke yake, na nadhani ndiyo sababu kamusi yake haijafa. Mwaka 1864 Frederick Furnivall alianzisha Early English Text Society ili kuchapa maandishi ya kale yaliyokuwa yamefungiwa maktabani. Sababu ilikuwa ya kazi kabisa: kamusi kuu ya Kiingereza ilikuwa inapangwa, na haiwezekani kuandika historia ya maneno kama matini yenyewe hayajachapwa. Skeat aliingizwa humo karibu kwa bahati, akahariri Lancelot of the Laik mwaka 1865, na hakutoka tena. Kisha ikaja zamu ya Piers Plowman, shairi la Langland la karne ya 14. Aliipanga miswada mingi ya shairi hilo katika matoleo matatu, akayapa herufi A, B na C, akayachapa 1867, 1869 na 1873, na hatimaye akayaweka yote bega kwa bega katika toleo la Oxford la 1886. Wahariri waliomfuata wamesahihisha mengi, lakini herufi zake tatu bado zinatumika. Kisha Chaucer mzima, juzuu sita, mwaka 1894.

Faida yake unaiona ukifungua neno girl. Leo ni msichana. Lakini katika utangulizi wa Canterbury Tales, mhudumu wa mahakama ya kanisa ana mamlaka juu ya "yonge girles" wa dayosisi, na hapo Chaucer anazungumzia vijana wa kike na wa kiume pamoja. Skeat alilijua hilo kwa sababu alikuwa ameyahariri mashairi hayo mwenyewe. Hakulitoa kwenye kamusi ya mtu mwingine. Asili aliyolipa, akiliunganisha na gör la Kijerumani cha Kaskazini lenye maana ya mtoto, inaweza kubishaniwa. Ushahidi wa matumizi haubishaniwi.

Onions naye si mgeni huko. Alisahihisha tena na tena kitabu cha Kianglo-Saksoni cha Henry Sweet, na alikuwa mhariri wa jarida la Medium Ævum tangu lilipoanza mwaka 1932. Ila katika kamusi yake ushahidi huo umekamuliwa sana: unapata tokeo, hupati nukuu. Weekley ana nguvu upande wa Kifaransa cha Kale, na kwa maneno yaliyovuka bahari baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 mimi humsikiliza kwa makini. Kwa mizizi ya Kijerumani simtegemei hivyo. Liberman analeta kile ambacho watatu wale hawakuwa nacho kwa kiwango kilekile: Kinorsi cha Kale, lahaja za Kiholanzi na Kijerumani, na maandishi ya wataalamu wa Kirusi na wa Skandinavia ambayo Waingereza wengi hawakuyasoma.

Yeyote utakayemchagua, weka kando yake Middle English Dictionary ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliyochapwa kati ya 1952 na 2001. Iko mtandaoni bure, na itakuonyesha nukuu ambazo hata Skeat hakuziona.

Wanapofika gizani

Skeat aliandika wazi kanuni yake: neno gumu alilipa muda usiozidi saa tatu. Baada ya hapo aliandika alichonacho, akaliacha, akaenda kwenye lingine. Wako wanaomcheka kwa hilo. Mimi naona ndiyo maana kamusi ilikwisha kwa miaka minne badala ya arobaini. Pia hakuona haya kubadili msimamo: kati ya toleo la kwanza na la nne maelezo mengi yaliandikwa upya, kwa kuwa kamusi ya Murray, iliyoanza kutoka 1884, ilikuwa imeleta ushahidi mpya. Tahadhari inayotokana na hilo ni moja: ukimnukuu Skeat, nukuu toleo la 1910. Na hata hilo lilitangulia kusomwa kwa Kihiti, lugha ya kale ya Anatolia, mwaka 1915, tukio lililobadilisha elimu ya lugha-mama ya Kihindi-Kiulaya. Mizizi ya kale sana anayoitoa usiibebe bila kuikagua.

Ndiye pia aliyebuni jina la maneno-mzimu, mwaka 1886, kwa maneno ambayo hayakuwahi kuwepo ila yamezaliwa na kosa la mwandishi au mpiga chapa. Mfano wake maarufu ni kimes. Jarida moja la 1808 liliandika kwamba baadhi ya Wahindu walijitoboa mikono kwa kimes, na msomaji akabaki akijiuliza ni silaha gani hiyo. Ilikuwa knives, visu, herufi zimevurugika tu.

Zaidi ya yote, Skeat aliweka kanuni mbele ya kamusi yake. Kwanza tafuta umbo la zamani kabisa la neno na matumizi yake, kisha ufuate tarehe. Angalia historia na jiografia, maana lugha hukopeshana pale watu walipokutana. Heshimu sheria za sauti. Maneno ya lugha mbili yakifanana kupita kiasi ambacho sheria hizo zinaruhusu, shuku mkopo. Na maelezo yasiyoweza kueleza pia ndugu za neno katika lugha nyingine hayana faida. Kanuni hizi zinafanya kazi hata nje ya Kiingereza. Anayesambaza kwenye WhatsApp kwamba meza na gereza ni Kibantu safi, asimamishwe mbele ya kanuni ya historia na jiografia, atueleze mbona mesa na igreja ziko Lisbon, na mbona Wareno walikaa Mombasa.

Weekley gizani huweka alama ya kuuliza na kupita, mara nyingi kwa mzaha. Onions husema kwa maneno machache kwamba asili haijulikani, kama kwa dog, ambalo linaonekana katika Kiingereza cha Kale kama docga, kisha njia inakatika. Ni uaminifu, lakini msomaji hajui kama watu walijaribu wakashindwa, au hakuna aliyejaribu.

Liberman amejenga kazi yake yote juu ya pengo hilo. Kwake, "asili haijulikani" mara nyingi maana yake ni kwamba watu kumi wametoa majibu kumi na mtunga kamusi hakuwa na nafasi ya kuyataja. Kwa hiyo anayakusanya yote, yakiwemo ya watu wasiosomea fani hiyo waliokuwa wakiandika kwenye majarida ya karne ya 19, anayapanga, anayapinga moja moja, kisha anatoa lake. Mwaka 2010 alichapisha bibliografia kubwa ya maandishi ya namna hiyo.

Chukua boy, uone tofauti zao. Skeat aliliweka kwenye ukoo wa Kijerumani, karibu na boi la Kifrisia cha Mashariki. Kamusi ya Onions ilielekea Ufaransa: kwamba limekatwa kutoka neno la Kifaransa cha Kale lenye maana ya aliyefungwa pingu. Hoja hiyo ina mvuto, kwa sababu matumizi ya kwanza ya boy katika karne ya 13 yalimhusu mtumishi, si mtoto wa kiume. Msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa upesi kuliko mwingine yeyote: katika nyumba za wakoloni boi alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Liberman anaikataa. Anaona maneno mawili yamekutana, moja la kitoto la kumwita kaka na jingine la kumtaja zimwi la kutisha watoto. Mimi sijashawishika moja kwa moja na zimwi lake. Lakini nikitoka kwake najua kwa nini hoja ya pingu ina udhaifu, jambo ambalo Onions hakunipa nafasi ya kulijua.

Hasara yake iko wazi. Anapotoa jibu lake mwenyewe baada ya kurasa sita za kupinga wengine, ni rahisi msomaji kuchoka na kukubali tu. Mtaalamu mmoja mwenye msimamo mkali si sawa na makubaliano ya fani, na mwanafunzi anayemnukuu aseme hivyo: "kwa maoni ya Liberman".

Kusomeka na kupatikana

Skeat na Weekley wamechapwa zamani, na nakala zilizopigwa picha ziko Internet Archive bila malipo. Faili ni kubwa, hivyo mwenye bando dogo ashushe usiku. Weekley ndiye anayesomeka kwa raha kuliko wote, na unaweza kumsoma kama gazeti. Skeat anahitaji uvumilivu na vifupisho vyake, lakini baada ya kurasa ishirini macho yanazoea. Ipo pia kamusi yake fupi, iliyotoka kwanza 1882, inayotosha kwa mahitaji ya shule.

Onions bado ana hakimiliki, na kitabu chake ni kinene na cha maktaba. Asiyekipata atafute toleo dogo lililoandaliwa na T. F. Hoad, la 1986, ambalo limetoka kwenye kitabu hichohicho. Kamusi ya Liberman inataka msomaji anayeweza kutambua Kijerumani na Kilatini vikipita mbele yake. Lakini tangu 2006 anaandika pia safu ya mtandaoni kwa ajili ya Oxford University Press, na humo yeye ni mtu mwingine: mcheshi, mfupi, na bure.

Kulingana na hali yako

Ikiwa una tasnifu na msimamizi anataka tarehe na asili inayokubalika, anza na Onions au Hoad. Neno likiwa na utata, nenda kwa Liberman uone ubishi wote, kisha utaje pande zote mbili.

Ikiwa unasoma Chaucer au Langland chuoni, fungua Skeat na Middle English Dictionary pamoja, na maelezo yake ya mizizi ya kale uyaruke.

Mfasiri wa riwaya za mwanzo wa karne ya 20 zenye misimu ya askari na ya mitaani ya London atafika haraka kwa Weekley, kisha akague tarehe kwa Onions.

Mwalimu wa sekondari hahitaji zaidi ya viambatisho vya Skeat na safu ya Liberman. Orodha ya maneno pacha huwafurahisha watoto kuliko kanuni yoyote ya sarufi.

Anayetaka kutafiti asili ya maneno ya Kiswahili, asianze na kamusi ya yeyote kati yao. Achape ule ukurasa wa kanuni za Skeat, kisha asome kidahizo kimoja cha Liberman tangu mwanzo hadi mwisho, boy au girl, akiandika pembeni kila hoja inapobadilika. Baada ya hapo achague neno moja la pwani na aanze kulitafutia tarehe.